Kijana Anayepiga Picha za Galaksi Hapigi Ramli

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa la leo ni refu kidogo. Mwenye haraka alihifadhi, asome baada ya Isha akiwa ametulia.

Baba mmoja, mtu ninayemheshimu na tunayeswali naye safu moja, aliniletea shauri lake. Kijana wake wa miaka ishirini na mbili amenunua darubini iliyotumika kutoka kwa binamu yake aliyeko Muscat, na kila usiku usio na mwezi anapanda nayo juu ya paa pamoja na kamera na kompyuta. Anapiga picha za galaksi. Baba akaniambia, "Sheikh, mtoto anapiga falaki huyu. Usiku macho, mchana analala kama popo. Nataka niiuze ile mashine kabla haijamharibia dini yake. Nipe kauli." Nimemwomba ruhusa niandike bila kutaja jina, amekubali, maana nyumba zenye ugomvi huu si moja. Tangu nilipoligusia jambo hili Jumapili baada ya Maghrib nimepata ujumbe kutoka Mombasa, Unguja na hata Toronto, kina mama na vijana, kila mmoja na upande wake.

Kauli yangu naitoa mapema msije mkasema nawazungusha. Usiuze, kaka yangu. Kijana hapigi ramli. Na kama ana kosa, kosa lake liko kwenye swala ya Alfajiri, haliko kwenye darubini. Hilo nalo nitalifikia.

Nusu ya ugomvi huu ni wa lugha. Sisi watu wa pwani neno falaki tumelitia doa wenyewe. Kwa Kiarabu ilmul-falak ni elimu ya mizunguko ya jua, mwezi na nyota. Ndiyo inayotupatia zile ratiba za swala tunazobandika ukutani misikitini, na ndiyo inayomwonyesha mtu kibla akiwa nchi ya mbali. Lakini huku kwetu ukisema fulani anapiga falaki, kila mtu ameshakuelewa: anahesabu jina lako na la mama yako, kisha anakuambia nyota yako ni Ng'e na safari ya Jumanne haina heri. Neno unajimu nalo limepatwa na mkosi huohuo. Anayeandika utabiri gazetini ni mnajimu, na msomi anayepima umbali wa nyota naye tunamwita mnajimu. Basi mzee akisikia mwanawe "anasoma nyota" lazima ashtuke, na ana haki. Ipo hadithi katika Sunan Abi Dawud inayohesabu elimu ya kutabiri kwa nyota kuwa ni tawi la uchawi. Mzazi asiyeshtuka kwa hilo ndiye wa kushangaa.

Ila mtazame huyu kijana anafanya nini. Ameiuliza nyota aoe lini? Amemwandikia mtu kombe? Amesema mvua italetwa na Kilimia? Hapana. Ameelekeza kioo juu, amekinga mwanga, ameuhifadhi. Basi.

Wako walioniletea kauli ya Qatada, ile aliyoitaja Imamu Bukhari, kwamba nyota zimeumbwa kwa mambo matatu: kuipamba mbingu, kupigiwa mashetani, na kuongozea njia, na anayezidisha hapo amekosea. Kauli ni sahihi, lakini isomeni kama ilivyosemwa na kwa waliosemwa. Wale walikuwa watu wanaodai nyota zinaleta riziki na mauti. Qatada hakuwa anamkataza mtu kuuliza nyota ile iko mbali kiasi gani. Ingekuwa hivyo, manahodha wetu waliosafiri na pepo za kaskazi na kusi wakihesabu nyota kwa vidole vya mkono wangekuwa wote wamepotea, na Surat al-An'am aya ya 97 imewataja kwa wema wanaoongozwa na nyota katika giza la bara na bahari.

Na mimi nina hoja iliyo karibu zaidi na kijana huyu wa juu ya paa. Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, alipokuwa bado kijana mdogo alilala nyumbani kwa mama yake mdogo, Bibi Maymuna, mke wa Mtume swalla Allahu alayhi wasallam. Anasimulia kwamba Mtume aliamka usiku, akainua uso akatazama mbinguni, ndipo akasoma zile aya za mwisho za Surat Aal Imran zinazotaja kuumbwa kwa mbingu na ardhi na kupishana kwa usiku na mchana. Kisha akatawadha, akaswali. Angalieni mpangilio wake. Jicho lilikwenda mbinguni kwanza. Sasa niulizeni, ni wangapi kati yetu tunaozihifadhi aya hizo tangu chuoni na hatujawahi kutoka uani usiku tukainua shingo?

Haya, tuseme nini hasa kinachopigwa picha.

Galaksi ni mkusanyiko wa nyota, gesi na vumbi, nyota mabilioni kwa mabilioni. Sisi tumo ndani ya mmoja. Ule utepe mweupe mnaouona ukikatiza mbingu mkiwa shamba au baharini ni galaksi yetu ikitazamwa kutoka ndani. Galaksi kubwa iliyo jirani nasi inaitwa Andromeda. Nuru inakwenda kilomita karibu 300,000 kwa sekunde moja, na kutoka Andromeda hadi kwenye jicho lako imesafiri miaka kama milioni 2.5. Nuru hiyo inaonekana kwa macho matupu! Mwezi wa Novemba katikati, ukiwa mahali penye giza la kweli, saa tatu na ushei usiku tazama kaskazini, karibu nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Utaona kidoa hafifu kama mvuke wa pumzi kwenye kioo.

Na wa kwanza kuliandika doa hilo, kwa tunavyojua, ni Mwislamu. Abdur-Rahman as-Sufi, aliyezaliwa Rayy mwaka 903 na kufanya kazi yake Isfahan, alilitaja kama kiwingu kidogo katika kitabu chake cha sura za nyota, mnamo mwaka 964. Vijana wanapenda kujisifia kwa majina haya na wala siwalaumu, lakini mimi kinachonipendeza kwa as-Sufi ni kingine. Alikuwa na kitabu cha Ptolemy mbele yake, kitabu kilichoheshimiwa kwa karne nyingi, na hakukinakili tu. Alitoka nje usiku, nyota kwa nyota, akalinganisha mwangaza wake kwa jicho lake mwenyewe, na pale palipokuwa na makosa akasahihisha. Hiyo ndiyo kazi. Kusema "sisi Waislamu ndio tulioanza" huku hujawahi kukesha usiku mmoja ni kula urithi usiouchumia.

As-Sufi hakujua kile kiwingu ni nini, na hakudai kujua. Mwaka 1888 mjenzi na mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa Wales, Isaac Roberts, mtu aliyefanya hivi kwa mapenzi na si kwa mshahara, aliiacha sahani ya picha wazi kwa muda wa saa kadhaa na akaonyesha kwamba kile kiwingu kina mikono inayojizungusha kama maji yanayozama shimoni. Hata hapo wataalamu waliendelea kubishana kama kimo ndani ya galaksi yetu au nje. Hadi mwaka 1923 ndipo Edwin Hubble, akitumia darubini ya Mount Wilson kule California, alipoipata kwenye picha nyota moja inayopunguza na kuongeza mwanga kwa kipimo kinachojulikana, na kwa hiyo akaweza kukadiria umbali. Kiko nje, mbali mno. Karibu miaka elfu moja tangu Isfahan.

Kijana wa siku hizi anafanya nini juu ya paa? Nimekwenda kumtazama, nimekaa naye usiku mmoja kwenye kigoda, na nawaambieni kazi hii ina subira kuliko kuvua kwa mshipi.

Dunia inazunguka. Ukiacha kamera wazi dakika moja tu bila kuifidia, nyota zinakuwa mistari. Kwa hiyo darubini inakaa juu ya stendi yenye mota inayogeuka polepole kinyume cha mzunguko wa dunia, na mhimili wake lazima uelekee ncha ya mbingu. Wenzetu wa Ulaya wanayo nyota ya kaskazini iliyo juu, wanaiangalia wanamaliza. Sisi tuliopo karibu na ikweta, nyota hiyo Tanga hatuioni, na ncha ya kusini ipo digrii kama tano tu juu ya upeo, ndani ya ukungu na minazi. Kijana alichukua zaidi ya saa nzima kurekebisha kwa kubahatisha, kutazama nyota ikitambaa upande gani, na kugeuza skrubu nusu mzunguko. Hakulalamika hata mara moja. (Nikamkumbuka anavyolalamika khutba ikizidi dakika ishirini, nikanyamaza.)

Kisha anapiga. Si picha moja. Anapiga picha ya dakika mbili, na nyingine, na nyingine, mia, mia mbili, usiku huu na usiku ujao, halafu kompyuta inazipanga moja juu ya nyingine. Mfano wake ni kukinga maji ya mvua hafifu kwa pipa. Mwanga wa galaksi unadondoka kidogokidogo mahali palepale kila mara, lakini chengachenga za kamera zinaruka huku na kule bila mpango. Ukijumlisha, chenga zinajiua zenyewe na galaksi inabaki. Ila hesabu yake ni ngumu: ukitaka picha safi mara mbili, unahitaji muda mara nne. Ukitaka mara tatu, muda mara tisa. Hakuna njia ya mkato.

Na kuna jambo lililonigusa zaidi ya yote. Kabla hajakunja vifaa, alifunika darubini kwa kifuniko chake akapiga picha za giza tupu. Nikamuuliza, "Mwanangu, unapiga picha ya nini tena, umeziba!" Akasema, "Sheikh, napiga picha ya makosa ya kamera yangu." Kumbe kila kamera ina joto lake na vidoa vyake, inavyoviandika hata pasipo na mwanga. Anavipima peke yake ili aje kuvitoa kwenye picha ya kweli. Kisha akapiga picha za kitambaa cheupe kilichonyooshwa mbele ya lenzi, ili kujua vumbi la kioo limekaa wapi. Yaani kabla hajasema lolote juu ya mbingu, amekihesabu kwanza chombo chake. Nina wanafunzi wa dini waliosoma miaka kumi hawajafika hapo.

Wanaosema hii ni michezo ya watoto wasiokuwa na kazi, niwape habari mbili.

Rosario, Argentina, yuko fundi wa kufuli aitwaye Víctor Buso. Mchana anatengeneza kufuli. Usiku wa tarehe 20 Septemba 2016 alikuwa anajaribu kamera mpya kwenye darubini yake ya nyumbani, akaielekeza galaksi moja inayoitwa NGC 613, ambayo nuru yake inasafiri takriban miaka milioni 80 kutufikia. Kwa sababu anga la mji lilikuwa na mwanga mwingi, akapiga picha fupifupi nyingi. Za mwanzo hazikuwa na kitu. Zilizofuata zikaonyesha nukta ambayo haikuwepo, na nukta ikawa inaongezeka. Alikuwa amekamata nyota ikiwa katika mwanzo kabisa wa kulipuka, saa ambayo wataalamu wenye mitambo ya mamilioni walikuwa wanaitafuta kwa miaka bila kuipata kwa namna ile. Akatoa taarifa, darubini kubwa zikafuatilia, na mwaka 2018 matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature, jina la fundi kufuli likiwa miongoni mwa waandishi.

Habari ya pili inatuhusu zaidi. Andromeda ni galaksi iliyopigwa picha pengine kuliko galaksi nyingine yoyote. Kila mwenye darubini anaanza nayo. Ungedhani hakuna kilichobaki. Wapiga picha watatu wasio wanasayansi wa ajira, Marcel Drechsler wa Ujerumani pamoja na Xavier Strottner na Yann Sainty wa Ufaransa, walikusanya mwanga kwa zaidi ya saa mia moja, sehemu yake kwa filta inayopitisha rangi ya gesi ya oksijeni peke yake. Kando ya Andromeda likatokea tao refu la buluu ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mmeelewa? Lilikuwapo muda wote juu ya vichwa vya wote. Lilikosa mtu wa kukaa nalo muda wa kutosha.

Na sasa tazama adabu yao. Katika picha za namna hii doa linaweza kuwa mwanga ulioruka ndani ya lenzi, au kosa la filta. Hawakukimbilia kutangaza. Wapiga picha wengine wenye vifaa tofauti mahali tofauti wakatakiwa wahakikishe, na tao likaonekana kwao pia. Ndipo likatangazwa, Januari 2023, wakiwa pamoja na watafiti wa vyuo. Hadi sasa wataalamu wamekuwa wakijadiliana kama tao hilo kweli liko karibu na Andromeda au liko huku kwetu, ndani ya galaksi yetu, na linaonekana tu kama liko kando yake. Wenye picha hawajakasirika kwa mjadala huo. Picha ni yao, tafsiri wameiacha iendelee kupimwa.

Surat al-Hujurat aya ya 6 inatutaka tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Sisi ndio wenye aya. Wao ndio walioifanyia kazi.

Hapa ndipo ninapotaka kusema na nyinyi wasomaji wangu, na msinikasirikie.

Kila wiki natumiwa kwenye simu picha ya anga yenye maandishi "SubhanAllah, sambaza, usipuuze". Galaksi iliyoandika jina la Allah. Malaika katikati ya mawingu ya nyota. Nyingi siku hizi zimetengenezwa na kompyuta tangu mwanzo hadi mwisho; hakuna darubini iliyoguswa. Na ile kongwe kuliko zote, ya waridi jekundu angani, inayosambazwa na aya ya 37 ya Surat ar-Rahman, ile inayosema habari za mbingu itakapopasuka ikawa nyekundu. Picha hiyo ya waridi ina asili ya kweli. Ni Nebula ya Jicho la Paka, nyota inayokufa na kumwaga gesi yake, iliyopo ndani ya galaksi yetu hii, na ilipigwa na darubini ya angani ya Hubble mwaka 1994. Lakini rangi zake zilipangwa na watu mezani: gesi hii ipewe nyekundu, ile ipewe buluu, ili macho yaweze kuzitofautisha. Picha nyingine za kitu hichohicho zina rangi nyingine kabisa. Je, zile za kijani zikitumwa na anayetaka kukejeli dini, utamjibu nini?

Na kabla ya rangi kuna aya yenyewe. Someni inayotangulia na zinazofuata. Inazungumzia Siku ya Kiyama. Nyota moja inayokufa haijawa Kiyama. Unapoibandika aya ya Siku ile juu ya picha ya leo, umeipunguza. Mimi siikubali tabia hii hata kidogo, na wanaoileta kwa nia njema nia yao naiheshimu, lakini Qur'an haihitaji waridi la kuazima. Wapo pia wanaonitaka niseme kiapo cha mahali pa nyota katika Surat al-Waqi'ah kinamaanisha nuru iliyotoka kwenye nyota zamani ikatukuta nyota zimeshahama. Inawezekana mtu akatafakari hivyo moyoni mwake. Kufundisha juu ya mimbari kwamba ndiyo tafsiri, hilo sitalifanya, kwa sababu aya itabaki na elimu ya watu inabadilika.

Tena tunao mfano. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Angenyamaza tu, ingekuwa karama kubwa kwa mtoto wake. Hakunyamaza. Akawafundisha kuwa jua na mwezi ni alama za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Aliukataa muujiza wa uongo siku ambayo moyo wake ulikuwa umevunjika. Wewe unashindwa kuikataa picha ya WhatsApp?

Kwa hiyo nikimwona kijana wa Kiislamu anayejua picha ya anga inatengenezwaje, namwona kuwa faida kwetu sote. Huyo ndiye atakayekaa kwenye lile kundi la familia aseme kwa upole, "Shangazi, hii si ya kweli, na hii ya kweli ndiyo hii hapa, nimeipiga mimi Jumamosi." Picha yake huenda ni hafifu, ina chenga, galaksi yenyewe kama yai lililopondeka. Ni ya kweli.

Maswali madogo yaliyobaki nitayapitia kwa haraka.

Picha si haramu? Ibn Abbas huyuhuyu alijiwa na mtu mwenye kazi ya kuchora, akamweleza makatazo, kisha akamwelekeza achore miti na vitu visivyo na roho. Galaksi haina roho. Limekwisha.

Kubadilisha rangi si uongo? Kama anasema alichofanya, si uongo. Hata ramani ina rangi ambazo ardhi haina. Kupandikiza kisichokuwepo ili watu washangae, huo ni uongo na dhambi ya uongo ni ileile.

Gharama? Zipo darubini ndogo za kisasa zinazojiongoza zenyewe kwa bei ya simu nzuri, na programu kama Siril za kuunganisha picha ni za bure. Mwenye kuacha watoto bila ada akanunua lenzi, huyo amefanya israfu na tutamsema. Lakini jamani, mtaa huu huu una vijana wanaomaliza mishahara kwenye kubeti kila mwisho wa wiki, na kadi za harusi zinazochangisha laki mbilimbili kwa ukumbi wa saa nne, na hakuna baba aliyenijia na kigugumizi kwa hayo.

Sasa Alfajiri. Kijana wangu, hapa niko upande wa baba yako. Inajulikana kwamba Mtume alikuwa hapendi mazungumzo baada ya Isha, na inajulikana pia kwamba Imamu Bukhari aliweka mlango mzima wa kukesha kwa ajili ya elimu. Kukesha kwako nimekukubalia kwa mlango huo. Lakini mlango huo haukutolei ruhusa ya kulala saa kumi na nusu ukaamka jua limeshatoka. Rakaa mbili za kabla ya Alfajiri zimeelezwa kuwa ni bora kuliko dunia na vilivyomo. Basi faradhi yenyewe unaithamini vipi? Mashine yako inajua kupiga yenyewe, umenionyesha. Iwekee saa, ulale saa sita, adhana ikuamshe. Au kama umekesha hadi saa kumi, usilale. Tawadha, uko macho tayari, una wakati ambao watu wazima wanaulilia. Swali rakaa zako hapohapo juu ya paa huku kamera inakinga. Na usiku usiokuwa wa kupiga picha, lala kama watu. Nimemwambia hivi mbele ya baba yake, amekubali, na baba amekubali darubini ibaki. Tunaendelea kumtazama.

Liko moja la mwisho na hili linatuhusu sisi viongozi wa misikiti. Kijana alinionyesha picha zake za upande wa magharibi. Zote zimekuwa za kahawia kama chai. Nikauliza ni moshi? Akasita, akasema kwa adabu, "Ni taa za msikiti, Sheikh." Tuna taa nne kubwa tulizofungiwa na mfadhili, mbili zimeelekezwa juu kuupendezesha mnara. Zinawaka kutoka Maghrib hadi jua linapotoka, msikiti umefungwa, hakuna hata paka. Luku tunachangishana kila mwezi. Al-A'raf aya ya 31 tunaisoma kwenye mambo ya chakula tu, kana kwamba umeme hauwezi kufanyiwa israfu.

Nimelipeleka kwenye kamati. Wapo waliosema mnara usiowaka ni aibu kwa Waislamu, na mmoja akauliza kama sasa msikiti utaendeshwa na wapiga picha. Tumebishana wiki mbili. Tulichokubaliana ni hiki: ya mlangoni na ya udhu zinabaki usiku kucha kwa usalama, zote zifungiwe vifuniko mwanga ushuke chini kwa watu, zile mbili za mnara zizimwe saa nne usiku na ziwashwe tena saa kumi alfajiri, na Ramadhani ziachwe kama zilivyo. Fundi anakuja Alhamisi. Kamati za misikiti mingine zinazotaka kuona vifuniko vyenyewe na bei yake waniandikie, nitawatumia picha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.